Sadaka ya damu Gadhimai: ipigwe marufuku au waachiwe wenyewe?

Wakuu, tujadili bila matusi. Kijijini Bariyarpur, kusini mwa Nepal, kila baada ya miaka 5 hufanyika mela, yaani tamasha la kidini, ya mungu wa kike Gadhimai. Watu humiminika kwa malaki, wengi wakivuka mpaka kutoka Bihar, India. Aliyeomba mtoto akampata, aliyeugua akapona, wote wanakwenda kuondoa nadhiri, na nadhiri yenyewe ni damu. Nyati wa kufugwa hukatwa kwa mapanga ndani ya uwanja wenye ukuta. Mbuzi, kuku na njiwa nje huko. Makadirio ya mwaka 2009 yalizidi wanyama 200,000.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya India ilizuia wanyama kuvushwa mpaka. Mwaka 2015 watetezi wa wanyama wakatangaza kuwa hekalu limekubali kuacha. Baadaye wenye hekalu wakakana, wakasema mahujaji wanasihiwa kuacha, hawalazimishwi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Nepal ikaitaka serikali ikomeshe taratibu. Na bado 2019 na 2024 mapanga yalitoka.

Mimi naona marufuku haina meno hapa. Aliyemwahidi mungu wake mbuzi, hakimu atamfungulia wapi ahadi hiyo? Kuhani ndiye aseme kwamba nazi inatosha, kama inavyofanyika kwenye mahekalu mengine.

*Mchangiaji wa 2:* Mkuu unakwepa hoja. Idd sisi tunachinja, lakini kisu kinanolewa mbali na macho ya mnyama, na nyama inagawiwa. Pale nyati anapigwa panga la kwanza, la pili, wenzake wanatazama. Unamsubiri kuhani ambaye hekalu lake linaishi kwa hao hao mahujaji?

*Mchangiaji wa 3:* Mimi ni Mhindu wa Dar, wazee wetu walitoka Gujarat. Nyumbani hata yai haliingii. Msitutie kapu moja! Ila na mimi nakereka: anayeandamwa ni mkulima wa Bihar na mbuzi wake mmoja, machinjio ya mjini yanayoua kila siku hayaguswi.

*Mleta mada:* Wa 2, kwa kuhani umenibana. Lakini mpaka ulifungwa, na mbuzi wakapitishwa mashambani usiku. Wewe ungemweka nani pale, polisi?

*Mchangiaji wa 2:* Daktari wa mifugo na mchinjaji anayejua kazi. Tuanzie hapo.