Makao ya tumbili na mbega waliookolewa: tuanzie wapi kuchora?

Mchoraji_Dunga (Kisumu):
Wanajukwaa, hamjambo. Ninachora makao ya tumbili na mbega waliookolewa, ambao hawawezi tena kurudishwa msituni, katika kiwanja kilicho karibu na ziwa. Mwenye mradi anataka vyumba vya zege vilivyopangwa mstari mmoja, kwa hoja kwamba vinaosheka kwa urahisi. Je, usafi na maisha ya mnyama vinaweza kukaa katika mchoro mmoja?

Mlezi_Kakamega:
Ndugu, vinaweza, ila usianze na sakafu. Anza na namna kila mnyama anavyotembea. Mbega hushinda juu ya miti, kidole gumba chake ni kibutu tu, na huruka kutoka tawi hadi tawi, kwa hiyo kwake kimo kina thamani kuliko upana. Tumbili hushuka chini mara kwa mara kutafuta chakula. Wachorewe sehemu mbili tofauti.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni milango. Kila chumba kiwe na matundu mawili ya kupitia, kwa sababu katika chumba chenye tundu moja mnyonge hana pa kukimbilia. Nimewahi kumwona jike mdogo wa tumbili amejibana konani, mkia umechanika, huku dume kubwa limekaa mlangoni likila ndizi zote. Zege libaki kwenye chumba cha kulala, likiwa na mteremko wa kupeleka maji mferejini. Kwingine weka udongo na nyasi, au tandaza maranda mengi na kuyanyunyizia mtama, ili washinde wakiutafuta punje kwa punje.

Mganga_wa_Mifugo (Nakuru):
Naunga mkono, na ninaongeza habari ya mpaka. Katika kisiwa cha Ngamba, Uganda, sokwe walihifadhiwa kuanzia mwaka 1998 huku Ziwa Viktoria lenyewe likiwa ukuta wao, kwa kuwa sokwe hawajui kuogelea. Tumbili huogelea, basi handaki la maji halitoshi. Funika kwa wavu hadi juu. Wageni nao wawekwe mbali au nyuma ya kioo, maana kifua kikuu na mafua huambukizwa kutoka kwetu kwenda kwao.

Kabla ya kumwaga zege, hakikisheni mna kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), kama inavyotakiwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.