Wakuu, euro 1,100 inatosha watu wawili kuzunguka magofu ya Ugiriki wiki moja? Naombeni ushauri wa haraka

Mbeba Boksi:
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja, mimi na wife tunaishi Ujerumani, Leipzig huku, mimi napiga kazi ghalani yeye anamalizia mafunzo ya uuguzi. Mwezi wa saba tunataka kwenda Ugiriki wiki moja, na sio mambo ya ufukweni, wife kabla hajaja huku alikuwa ticha wa historia sekondari na tangu nimjue wimbo wake ni Acropolis, Delphi, Olympia, Mycenae na kile kisiwa cha Delos. Tiketi za ndege nimeshakata zile za bei ya kutupa, hazibadilishwi na hela hairudi. Kilichobaki ni euro 1,100, humo tulale, tule, tupande mabasi na tulipe viingilio. Je inatosha au najidanganya? Na pia kwa anayejua, pale Acropolis kuna lifti? Na barabara ya kwenda Delphi ikoje, basi linarusharusha sana? Usingizi sipati nikiwaza hili. Matusi hapana tafadhali.

Ngoja Waje:
Nimeweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

Kamanda wa Lindi:
Euro 1,100 uende kuangalia mawe? Kilwa Kisiwani iko kwenye urithi wa dunia toka 1981, unavuka na boti unaona msikiti mkuu na Husuni Kubwa, jioni unarudi Masoko unakula pweza na chenji inabaki. Watu weusi tuna shida.

Shangazi Kypseli:
Kamanda, yeye ameuliza Ugiriki. Mimi ni Mkenya, naishi hapa Athens nalea wazee, wacha nikusaidie kaka. Acropolis tangu Aprili 2025 ni euro 30 kwa kichwa na ile tiketi ya pamoja ya magofu kadhaa ya mjini ilifutwa, so usidanganywe na makala za zamani. Unanunua mapema na unachagua saa ya kuingia, ukichelewa shauri yako. Kutoka airport metro ni euro 9 kila mmoja. Halafu kuna kitu wageni hawaambiwi, kodi ya tabianchi: ukikodi nyumba ya mtu kwa siku chache unalipa euro 8 kila usiku kipindi cha kiangazi, ila hoteli ya nyota moja au mbili ni euro 2 tu. Wiki nzima hapo umeshaokoa hela ya kula siku mbili. Kula pita ya souvlaki, maji ya bomba yanywe tu ni safi. Hela yenu inatosha KAMA mtaacha Delos, kwa sababu Delos unaipandia boti kutoka Mykonos na Mykonos hata kahawa yake ni ya matajiri.

Lifti iko, upande wa kaskazini wa mwamba, waliweka mpya 2020. Lakini ni ya walemavu na watu wasioweza kupanda, na upepo ukiwa mkali inazimwa. Kwani nani haezi kupanda?

Mbeba Boksi:
Asante sana dada. Hapana, ni kwa ajili ya kujua tu.

Dokta Mchungu:
"Kujua tu." Mkuu umeuliza lifti, ukauliza basi linarusharusha. Huna habari na hoteli, huna habari na chakula, unawaza kupanda na kurushwa. Mkeo anaumwa nini?

Mbeba Boksi:
Haumwi. Anachoka haraka siku hizi, basi.

Mama Wawili:
Anachoka haraka vipi baba? Sisi wengine tumeshachoka hivyo mara mbili, tunaijua hiyo.

Mbeba Boksi:
Haya, msinimalize. Ni mjamzito. Siku tunaondoka atakuwa wiki ya 30. Lakini kabla hamjaanza naomba mnielewe, kwanza yeye ndo anayetaka kwenda, sijamlazimisha, pili mtoto akishatoka hii safari tusahau miaka kumi, mnajua maisha ya huku hakuna bibi wa kumwachia mtoto, tatu daktari alisema mimba haina tatizo na atembee. Tiketi nilikata wakati wa ofa kabla hatujajua tarehe vizuri. Hela nimeshalipa, nifanyeje? Mimi swali langu lilikuwa bajeti tu.

Kijana Huru:
Ndo maana sisi tunasema KATAA NDOA. Unafanya kazi ghalani usiku na mchana, halafu hela yako inaenda kupandisha mimba mlimani 😂😂

Mtumishi wa Bwana:
Kijana Huru, tafuta hekima. Ndugu mleta uzi, mimi naona hapo kuna kusudi. Badala ya hayo mahekalu ya miungu mpeleke Areopago, ule mwamba Paulo aliposimama akawahubiria Wathene habari za Mungu asiyejulikana, Matendo 17, na hakuna kiingilio. Kisha Korintho, Paulo alikaa mwaka na nusu pale na kiti cha hukumu alipofikishwa mbele ya liwali Galio magofu yake yanaonekana mpaka leo. Mtoto atabarikiwa tumboni.

Shangazi Kypseli:
Areopago ni jiwe tupu limesuguliwa na miguu ya watu karne na karne, linateleza hata mimi na raba zangu nimeshikilia mtu nisiyemjua. Wameweka ngazi ya chuma pembeni lakini huko juu ni kuteleza tu. Mama wa wiki 30 asipande. Korintho ni sawa, treni ya mjini inafika, ila ikikushusha magofu bado yako mbali kama kilomita saba, teksi.

Ticha Mstaafu:
Mmetaja Delos nikacheka peke yangu. Huyo mama kama ni mwalimu wa historia kweli atakuwa anajua, Delos KUZAA NI MARUFUKU. Mwaka 426 KK Wathene walikisafisha kile kisiwa, wakafukua makaburi yote wakahamishia kisiwa jirani cha Rheneia, wakatoa amri mtu asizaliwe wala asife pale. Mjamzito akikaribia na mgonjwa aliyezidiwa wote wanavushwa kwa boti kwenda Rheneia. Na kinachochekesha ni kwamba kisiwa kilikuwa kitakatifu kwa sababu ya uzazi wenyewe, wanasema mungu wa kike Leto, aliyepewa mimba na Zeus, alikataliwa na nchi zote kwa wivu wa Hera mke wa Zeus, Delos peke yake ikampokea, akashika mtende akamzaa mungu Apollo baada ya uchungu wa siku tisa. Na Epidaurus kwa mungu wa uganga Asklepio ilikuwa vilevile, wajawazito wanazalia nje ya eneo takatifu, Pausania, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaandika mpaka seneta mmoja wa Kirumi akaja kuwajengea nyumba ya kuzalia na kufia. Nimefundisha Songea miaka mingi, wanafunzi walikuwa wanaamka hapo tu, kipindi kingine chote wamelala. Kuna mmoja aliniuliza, ticha, je uchungu ukimkuta katikati ya maji? Nikamwambia kaa chini.

Ngoja Waje:
Sasa mtoto akizaliwa kwenye boti anakuwa raia wa wapi?

Dokta Mchungu:
Turudi kwa mgonjwa. Mashirika mengi ya ndege kuanzia wiki ya 28 yanataka barua ya daktari, mimba ya mtoto mmoja mengi yanakubali mpaka 36. Barua unayo? Kama huna, hizo euro 1,100 hazitavuka mlango wa ndege. Pili, mwezi wa saba Athens joto linafika 40, kwenye mawimbi ya joto ya 2023, 2024 na 2025 Acropolis yenyewe ilifungwa mchana. Wamefungia watu wazima wenye afya zao, we unampandisha mjamzito juu ya marumaru.

Mbeba Boksi:
Barua tutaichukua, miadi ipo. Na tutakuwa tunaingia saa mbili asubuhi pakifunguliwa, sio mchana. Nimeshapanga kila kitu, mbona mnaniona kama mtoto? Mycenae peke yake ndo nilikuwa na wasiwasi.

Shangazi Kypseli:
Na uwe nao. Basi la Nafplio linawashusha Fichti barabarani, kutoka hapo ni zaidi ya kilomita tatu mpaka kwa lile Lango la Simba, jua linawapiga, kivuli hakuna.

Mpelelezi wa Buza:
Wakuu mnakunywa chai na vitumbua. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa nne MWAKA HUU huyu huyu alikuwa analia kuku wake wa Kibaha wamekufa, anauliza dawa ya kideri. Mwaka jana mwezi wa kumi: "Natafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu, umri 24 hadi 30, mimi naishi Pwani." Leo yuko Leipzig, ana mke ticha wa historia, mimba wiki 30. Pigeni hesabu.

Kijana Huru:
Nimepiga. Mchumba mwezi wa kumi, mimba mwezi wa 12. Jamaa hakupoteza muda 🤣

Ngoja Waje:
Uzi bila picha ya tiketi mimi nafunga kambi.

Mbeba Boksi:
Akaunti tunatumia wawili na mdogo wangu, yeye ndo yuko Kibaha na hao kuku ni wa mama, mimi natuma hela ya chakula tu. Mchumba ni wake yeye. Picha ya tiketi siweki, ina majina.

Mpelelezi wa Buza:
Mdogo wako. Sawa.

Mfugaji Makini:
Mleta uzi au mdogo wake, kideri haina dawa, msihangaike na majani ya mlonge. Ni chanjo, tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu, na chanjeni wazima, ukishaona wamelegeza shingo umechelewa. Mimi nilipoteza banda zima kwa kumsikiliza jirani.

Kamanda wa Lindi:
Mfugaji, kuku wa kienyeji pure au chotara? Nina swali langu nitakuja inbox.

Ticha Mstaafu:
Iwe chai isiwe chai, swali ni zuri. Kuna mjamzito mwingine anasoma hapa.

Shangazi Kypseli:
Kweli. Basi ningekuwa mimi, Agora ya Athens, ule uwanja wa soko la kale, ndio ningefanya nyumbani, ni karibu tambarare, hekalu la Hephaestus limesimama na nguzo zake, na ile Stoa ya Attalos, baraza ndefu la nguzo, iliyojengwa upya miaka ya 1950 ina kivuli, mama anakaa. Makumbusho ya Acropolis ina AC, lifti, na sakafu ya kioo unaona magofu chini ya miguu. Olympia pia ni tambarare na ina miti, kiwanja cha mbio mita 192 atatembea taratibu, tatizo ni basi mpaka Pyrgos halafu lingine, ni kama saa tano na zaidi, mlale huko, msirudi siku hiyohiyo. Delphi ni mteremko wa mlima Parnassus kuanzia mwanzo hadi mwisho, kiwanja kiko juu kabisa. Afike hekalu la Apollo, ageuke.

Mbeba Boksi:
Delos na Mycenae nimeshazitoa. Delphi siitoi, ndo ameisubiri kuliko zote. Mtu amefundisha kitu miaka saba bila kukiona, nimwambie akae chini aangalie bonde?

Mama Wawili:
Huu uzi umemuonyesha?

Mbeba Boksi:
Hapana. Atanuna.

Mama Wawili:
Muonyeshe. Yeye ni nesi na ni ticha, anajua kuliko sisi wote hapa, muulize yeye wapi anaishia kupanda. Halafu kwenye basi la Delphi kaeni viti vya mbele, mashimo hakuna ila zile kona za Arachova, mji wa mlimani njiani, ukikaa nyuma unatapika hata bila mimba. Na Mutterpass yake, kile kitabu cha kliniki ya mimba cha Ujerumani, na kadi ya bima vikae kwenye mkoba wake yeye, sio kwenye begi lako.