Kuvumwani bustanini: simu, lenzi, jiki au tochi?

MamaShamba, Lushoto
Wadau, habari za leo. Tangu masika bustani yangu imejaa vitu vya ajabu. Mparachichi wa zamani unaning'inia nyuzi za kijani kijivu kama ndevu, nyingine urefu wa shubiri. Kwenye mplamu kuna vipande bapa kama majani yaliyobanduka nusu, chini vyeusi. Ukuta wa jiko la nje, upande wa kivuli, umekuwa rangi ya chungwa. Programu ya simu imenipa jina moja kwa vyote vitatu! Nifuate njia ipi? Halafu, zinanyonya mti? Baba mkwe ameshashika panga aziparue.

Kijana wa Moshi
Shikamoo mama. Mwombe baba asubiri. Kuvumwani ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Mwani hupika chakula kwa jua, na hakuna mzizi unaofikia utomvu. Mti ukizeeka au ukiugua hupukutisha majani, mwanga unaingia, nazo zinashamiri. Ndiyo maana zinasingiziwa.

Simu ni ya kuanzia tu. Kwenye zile bapa, alama ziko chini na kingoni, ambako kamera haikufika. Mimi naiamini lenzi ya mara 10. Geuza kipande: katikati nyeusi yenye vizizi vya kujishikiza tu, ukingo mpana wa kahawia usio na kitu, pengine na vinywele vyeusi pembeni? Hiyo ni Parmotrema. Ndevu hazihitaji hata lenzi. Lowesha uzi mmoja, uvute polepole. Ganda likikatika na ndani ukabaki uti mweupe unaovutika kama mpira, ni Usnea.

Mvuvi wa Lamu
Lenzi nzuri, ila kwetu jiki ndiyo inamaliza ubishi. Kuna ile wazee wanaiita marere, Roccella, iliyopelekwa Ulaya karne ya 19 kutengenezea rangi ya zambarau. Ukiidondoshea jiki inakuwa nyekundu papo hapo. Tumia chupa iliyofunguliwa karibuni, ya zamani haina nguvu. Chovya njiti, gusa kipande ulichokwisha kukitoa mtini. Na tafadhali, jiki isikutane na siki wala dawa ya choo. Mvuke wake unaumiza kifua.

Kijana wa Moshi
Kwa marere nakubali, kaka. Kwa ndevu za mama haitamsaidia, Usnea nyingi hazibadiliki kwa jiki.

Dada Tochi, Tanga
Mmesahau tochi ya kukagulia noti bandia! Usiku niliimulika minazi na miembe yetu, madoa ya kijivu ambayo mchana siyatazami yakawaka manjano. Ni Pyxine cocoes. Haitambui kila kitu, lakini kwa hiyo ni rahisi kuliko zote.

Mama, ile ya ukutani isugue kwa kidole. Ikitoka kama unga, bila ganda, si kuvumwani. Ni mwani peke yake, Trentepohlia, kijani chake kimefunikwa na rangi kama ya karoti. Jamaa zake ndio wanaoishi ndani ya marere.

MamaShamba, Lushoto
Marahaba mwanangu, asanteni wote. Ukutani nimepata unga mtupu. Zile bapa zina ukingo wa kahawia na vinywele, kama ulivyosema. Uzi nimeuvuta mbele ya baba mkwe: ganda limekatika vipande kama shanga, uti mweupe ukanyooka, nilipouachia ukarudi. Ameniomba alowekewe mwingine avute mwenyewe. Panga liko chini ya mplamu.