Naomba ushauri: mwenye yadi ya magari hataki niijaribu Subaru STI barabarani

Wakuu, habari za mchana. Nipo Dar, nimeipenda Subaru Impreza WRX STI ya 2008, ile ya mkia mfupi, gia 6 za mkono. Bei tumeshaelewana, shida ni kuijaribu. Jamaa ananiwashia palepale yadi, anakanyaga mafuta mara mbili: "Si unasikia injini, bosi?" Naisikia, ndiyo, lakini klachi inayoteleza utaijuaje gari likiwa limesimama? Au gia ya tatu inayokwaruza, au turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) isiyovuta, injini ikishapata moto?

Anadai vijana wanakuja kupiga picha na kuzungusha matairi hadi yatoe moshi, kisha hawarudi. Kwa hilo simlaumu sana. Nikamwambia aendeshe yeye, mimi nikae pembeni na fundi wangu nyuma. Akasema gari halina bima.

Mliowahi kununua magari ya aina hii, mlimlainishaje muuzaji? Niache dhamana ya fedha kwa maandishi? Nikigonga, hasara ya nani? Na akikataa kabisa, kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote 4 palepale kunatosha, au niachane nalo?