Shule imempa Kulwa beji ya kipaji, Doto kanyimwa kwa alama mbili. Hii ni haki kweli?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la nne shule moja ya mchepuo wa Kiingereza huku Kigamboni. Mwezi uliopita wamepewa mtihani wa saa moja, maswali 40 ya kuchagua, yote Kiingereza. Waliofikisha 30 wamevalishwa beji ya kijani kifuani, eti watoto wa vipaji, wakatengewa chumba chao, na sisi wazazi tukaletewa ankara ya nyongeza, shilingi 80,000 kwa muhula. Kulwa kapata 31. Doto 28, na siku hiyo alikuwa na homa.

Sasa huyo Doto asiye na kipaji. Likizo ya mwezi wa sita alikuwa akishinda pwani kwa wavuvi. Nyuma ya daftari la hesabu nimekuta kaandika saa ya maji kujaa, siku 11 mfululizo, na pembeni tofauti ya siku hadi siku. "Mama, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Kesho ni saa tisa na dakika kumi." Nikamuuliza mzee mmoja wa ngalawa, akasema mtoto yuko sahihi, ila siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, yanachelewa zaidi. Hakuna aliyemfundisha! Na mwalimu wake alishauona ukurasa huo. Kaupiga mstari mwekundu kona hadi kona, chini kaandika asichafue daftari.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. "Mama Kulwa, mtihani umeshaongea." Mama Kulwa! Doto nilimwokota?

Mtihani umeongea nini? Alfred Binet, Mfaransa aliyetunga na mwenzake Simon kipimo cha akili mwaka 1905, alikuwa anatafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Huko Marekani, Lewis Terman wa Stanford alianza mwaka 1921 kuchagua watoto zaidi ya 1,500 wa akili nyingi, akawafuatilia maisha yao. Wawili waliopimwa wakaachwa, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kupata Nobel ya fizikia, 1956 na 1968. Katika wale waliochaguliwa hakupata hata mmoja. Na hao walikuwa wataalamu, si karatasi ya saa moja.

Msiniambie habari za Kibaha, Ilboru na Mzumbe, zile sekondari za serikali za vipaji maalumu. Kule wanachuja baada ya darasa la saba, kwa mtihani wa taifa. Nina maneno yangu hata juu ya hilo, lakini angalau hakuna mtoto wa darasa la nne anayetembea na beji kifuani.

Na Kulwa mwenyewe hajafaidi. Tangu avae hiyo beji, swali gumu analiacha wazi. Juzi usiku nimemkuta anafuta jibu mpaka karatasi imetoboka, machozi yanamtoka: "Nikikosa watanivua." Doto naye pwani haendi tena. Daftari lake nimelitoa chini ya godoro.

Hiyo 80,000 silipi. Wazazi mliokutana na jambo kama hili, mlianzia wapi, kwa afisa elimu kata au kwa wadhibiti ubora wa shule? Mliandika barua au mlikwenda wenyewe? Nijibuni kabla ya Jumatatu, maana nakwenda, na daftari la Doto nakwenda nalo.