Inzi wa darini kwa Mama

Kikundi: NYUMBA YA MZEE SALIMU (Busia, Kampala, Jinja, Tororo, Leeds)

JUMAMOSI

Zaina: Asalaam aleikum wote. Tazameni hii kabla sijafagia.

Zaina: [Picha]

Rashidi: Waaleikum salaam. Hizo ni zabibu kavu? Nani kazimwaga dirishani?

Zaina: Inzi, kaka. Dirisha la sebuleni, asubuhi hii tu. Jana nimefagia nikajaza kizoleo, nikafunga madirisha yote, jioni wako vile vile. Mlangoni hajapita hata mmoja, nimekaa pale nikitazama. Wanashuka kutoka darini, pale waya wa taa unapotokea.

Rashidi: Si wale wadudu wa ziwani, kama wa Entebbe?

Shangazi Hawa: La. Wale wa ziwani ni wembamba, wanafuata taa usiku, asubuhi unawakuta wamekufa chini ya balbu. Hawa wamenona. Zaina mwanangu, rangi yao vipi? Kijivu, au kijani kinachong'aa?

Zaina: Kijani, shangazi. Wengine buluu. Wakubwa, wazito, ukiwaendea na kandambili hata hawahangaiki kuruka.

Mjomba Idi: Salaam kutoka Leeds. Msiwe na wasiwasi, hata sisi huku tunao darini kila mwaka. Mwezi wa tisa, wa kumi, baridi ikianza kuuma, wanaingia kwenye paa kwa mamia, wanalala huko mpaka baridi ipite. Jua likichomoza siku moja wanazinduka, wanashuka vyumbani kugonga vioo. Dawa yake ni kopo la moshi. Unaliwasha darini, unafunga, unatoka. Kesho yake unawafyonza kwa mashine.

Rashidi: Mashine ya kufyonza. Busia 😂

Shangazi Hawa: Shemeji Idi, hao wenu tulisoma habari zao chuo cha afya. Ni wa kijivu, kifuani wana vinyweleo vya rangi ya dhahabu. Funza wao wanakulia ndani ya nyungunyungu, huko ardhini, na nyumbani kwako wanakuja kulala tu, hawatagi. Sisi hapa baridi ya kumtoa inzi shambani hatuna. Na huyu wa kijani hatafuti joto, anatafuta nyama iliyooza.

Mjomba Idi: Haya, shemeji. Wangu ni wa kijivu kweli. Na hata huo moshi, tunaambiwa tuangalie kwanza kama darini kuna popo, maana popo huku analindwa na sheria.

Rashidi: Kwa hiyo popo ana wakili, mimi sina.

Mama: [Ujumbe wa sauti, 1:48]

Zaina: Kwa walio kazini: Mama anasema inzi wa kijani ndani ya nyumba iliyofungwa si bure, kuna mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe kamtaja, mimi sitaandika. Anataka shehe aje asome.

Shangazi Hawa: Wifi, shehe aje, dua haina hasara. Lakini huyo unayemtafuta ana mkia na masharubu, na amelala juu ya kichwa chako. Zaina, harufu haikuwepo?

Zaina: Ilikuwepo! Wiki ya harusi ya Shamimu. Tukadhani ni mtaro wa nyuma, tukamwaga jiki wee, harufu iko pale pale. Mama akasema ni gunia la mukene, wale dagaa, la mpangaji. Yule dada bambi, maskini, akahamisha mukene wake mpaka kwa dada yake, bure. Kisha ikaisha yenyewe.

Shangazi Hawa: Na funza sakafuni? Weupe?

Zaina: Yaa Rabi. Abdul aliniletea mmoja kiganjani, akaniuliza kama anaweza kumfuga. Walikuwa koridoni, chini ya taa. Tukafikiri wametoka kwenye mahindi.

Shangazi Hawa: Basi hesabu imetimia. Panya amefia huko juu. Inzi wa kijani hunusa mzoga mapema kuliko sisi, siku ile ile anaweza kuwa ameufikia. Anataga, na mayai hayamalizi siku hayajaanguliwa. Funza wanakula siku nne, tano, wakishiba wanauacha mzoga, wanatambaa kutafuta mahali pakavu penye giza. Wakitambaa hivyo ndipo wengine hudondoka kwenye tundu la taa, huyo wa Abdul ni mmojawapo. Waliobaki juu wanajifungia ndani ya vidonge vigumu vya kahawia, na baada ya wiki hivi kila kidonge kinatoa inzi. Kwa joto letu, toka yai mpaka inzi ni kama wiki mbili. Hao mnaofagia leo ni watoto wa ile harufu ya harusini.

Rashidi: Shangazi, mimi nakula rolex hapa Ndeeba, chapati na mayai ndani.

Shangazi Hawa: Kula, ila ifunike.

Rashidi: Mbona jambo lenyewe dogo. Nanunua ile dawa ya shambani, ya kichupa, naipakia kwenye basi, jioni mnayo. Sadiki anapuliza dari nzima. Hata mende wataaga.

Shangazi Hawa: Usithubutu! Ile ya diklovosi? Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye daraja la dawa zenye hatari kubwa. Inageuka mvuke, na mvuke wa darini utashukia tundu lile lile la inzi. Mama ana pumu, Abdul analala chini kwenye mkeka. Halafu utaua nani? Waliokwisha kutoka. Walio ndani ya vidonge haiwapati vizuri, wiki ijayo watatoka wengine, na wewe utatuma kichupa kingine.

Rashidi: Ujumbe huu umefutwa

Zaina: Nimeuona kaka 😂

Zaina: Sasa leo nifanyeje? Wageni wa Mama wanakuja saa kumi.

Shangazi Hawa: Zima umeme kwanza, kisha ziba tundu la waya kwa karatasi na selotepu. Funga mapazia yote, acha dirisha moja tu, lile linalopigwa na jua. Inzi akitoka gizani anafuata mwanga, basi, watajikusanya wote hapo. Chukua chupa ya kupulizia, tia maji na sabuni ya vyombo, uwapulize wakiwa wametua kwenye kioo. Sabuni inawaziba pumzi, wanaanguka, unafagia. Kwa hilo dawa ya dukani huihitaji.

Zaina: Dirisha la jikoni linafaa? Ndilo lenye jua.

Shangazi Hawa: Uwakusanye jikoni! La koridoni, mwanangu. Na chakula kifunikwe, vikombe vioshwe upya kabla ya kumimina chai ya wageni. Miguu ya hao imetoka kukanyaga mzoga.

Sadiki: Nimesoma yote tangu juu. Kesho asubuhi natoka Tororo, nakuja na ngazi yangu. Ile ya Mama siiamini.

Mama: [Ujumbe wa sauti, 0:22]

Zaina: Anasema ngazi yake ni ya Mzee, imebeba watu wazito kuliko wewe.

JUMAPILI

Sadiki: Nimefika. Kabla sijapanda: jana nani kanitumia kando kwamba jioni kuna vitu vinapepea karibu na paa?

Zaina: Mimi. Nadhani ni popo.

Sadiki: Hapo mimi siingii kichwa kichwa.

Shangazi Hawa: Ni vizuri umeuliza. Wale waliowaambukiza wachimbaji Marburg kule mgodi wa Kitaka, 2007, ni popo wa mapangoni wanaokula matunda. Hawa wadogo wa darini wanakula wadudu, ni jamii nyingine. Ila wote hawashikwi kwa mkono mtupu, na mavi yao hayafagiliwi makavu, vumbi lake linaingia mapafuni. Vaa glavu na barakoa, rashia maji yenye jiki kwanza, subiri kidogo, ndipo uzoe.

Sadiki: Sawa. Swichi kuu nimeizima. Zaina asimruhusu mtu kuiwasha mpaka nishuke, panya akikaa juu lazima ameonja nyaya.

Sadiki: [Picha]

Sadiki: Haya. Panya mmoja, mkubwa, amebaki ngozi na mifupa. Yuko kwenye kona juu ya chumba cha Mama, kajikunyata kwenye kiota cha magunia na nyuzi. Pembeni, kando ya boriti, vile vidonge vya kahawia alivyosema Shangazi. Viganja viwili vitatu hivi. Vingi viko wazi, vingine bado vimefunga.

Shangazi Hawa: Vilivyofunga ndivyo nilivyokuwa navitaka. Zoa vyote kwenye mfuko, ufunge, uvichome au uvifukie kwa kina. Usivitupe tu jalalani, vitaanguliwa huko huko.

Mama: Juu ya chumba changu?

Rashidi: Mama leo kaandika kwa vidole! Tunzeni hii.

Sadiki: Popo wapo, wachache, upande wa barabara. Sijawagusa. Na waya wa taa ya sebuleni umetafunwa, shaba inaonekana. Nimefunga tepu kwa sasa, ila huo ni wa kubadilisha. Hilo lilinitisha kuliko panya.

Sadiki: Kuna kingine. Kiotani kuna punje za dawa, za buluu. Nani kaweka dawa ya panya?

Zaina: Sisi hatuweki. Mama ana paka.

Sadiki: Basi panya kaibeba. Ukuta wa nyuma mmepakana na nani?

Zaina: Ghala la mahindi.

Rashidi: AHAAA. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, sasa hivi.

Shangazi Hawa: Rashidi, tulia. Jirani anaendewa kwanza kwa salaam. Zaina, nenda na Sadiki, muwe wapole.

Zaina: Tumerudi. Hajakataa, punje za buluu ni zake. Anasema msimu huu panya walikuwa wanammaliza, na muuzaji wa dawa alimwapia kwamba panya akiila anashikwa na kiu, anatoka nje kutafuta maji, anafia huko.

Shangazi Hawa: Hiyo ndiyo hadithi ya kila muuzaji wa dawa ya panya barabarani. Dawa za aina hiyo zinazuia damu kuganda. Panya haanguki siku hiyo, anachukua siku kadhaa akidhoofika, na kiumbe mgonjwa anarudi alikozoea kulala. Alikozoea ni darini kwa wifi. Jirani anaweka dawa kwake, mizoga mnapokea nyie.

Shangazi Hawa: Na paka afungiwe ndani kwa siku hizi. Akila panya aliyezubaa kwa dawa, anaweza kupata sehemu yake.

Mama: [Ujumbe wa sauti, 2:31]

Zaina: Kwa kifupi: Mama anataka mfuko wa panya upelekwe ghalani ukiwa wazi.

Sadiki: Umeshafukiwa, Mama. Samahani.

Zaina: Tumekubaliana naye hivi: dawa ataiacha, atatega mitego ya kubana, na magunia atayapandisha kwenye vichanja. Gharama ya waya na wavu amesema "tutaongea". Mnajua maana yake.

Rashidi: Maana yake ni mimi.

Sadiki: Kuhusu wavu. Panya wanaingilia chini ya mabati, pale mawimbi yanapokutana na ukuta. Kila wimbi ni mlango. Upande wa ghala wote unataka wavu wa chuma wenye matundu madogo, robo inchi, wavu wa kuku panya mdogo anapita. Pembeni nitajazia saruji. Upande wa popo naacha wazi kwa sasa.

Shangazi Hawa: Uache. Ukiwaziba ndani watakufa, tuanze upya na harufu. Mtaziba jioni wakishatoka kula, na isiwe msimu wana watoto.

Sadiki: Na lile tawi la mwembe linagusa paa. Panya analipita kama barabara ya lami. Mwembe ukatwe.

Mama: Mwembe hauguswi.

Sadiki: Nilisema tawi, Mama.

Mama: Umesema mwembe.

Mjomba Idi: Dada, mruhusu tawi moja tu, lile la upande wa choo. Mwembe huo nimeupanda mimi, natoa ruhusa.

Mama: Ulipanda ukaondoka. Anayemwagilia nani?

Zaina: Sadiki kashuka, anakata tawi. Mama amesimama chini anaelekeza msumeno.

JUMATANO

Zaina: Taarifa. Jumatatu walikuwa bado wengi, nikaanza kumtilia shaka Shangazi. Jana wamepungua. Leo nimefagia kumi na kitu, tena dhaifu.

Shangazi Hawa: Ndivyo. Kuna vidonge vimejificha kwenye nyufa, hao ni wa mwisho mwisho. Ukiona wameongezeka tena baada ya hapa, jua kuna mzoga wa pili, Sadiki apande aangalie upande wa mbele.

Mama: [Ujumbe wa sauti, 0:40]

Zaina: Anasema shehe kaja, kasoma, kanywa chai, na inzi wamepungua. Na yule dada wa mukene arudishe gunia lake, amemsamehe.

Rashidi: AMEMSAMEHE??

Zaina: Kaka usianze.

Sadiki: Wavu haukutosha, umebaki upande mmoja karibu hatua tatu. Na waya wa sebuleni nimebadilisha, risiti hii hapa. [Picha]

Mjomba Idi: Nusu juu yangu. Rashidi lipa kwanza, nitakurudishia wikendi.

Rashidi: Nimetuma kwa simu ya Sadiki. Hela ya kutolea imo humo humo, usiniombe tena.