WAV ni MB 42, MP3 ni MB 4: humo katikati kimetupwa nini?

Mdau_Nkuhungu
Wakuu, kuna wimbo wa kwaya wa dakika 4, una ilimba (ala ya Wagogo ya vibao vya chuma) na ngoma za muheme, ngoma za Wagogo. Nikiubana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ilimba inapoteza mvumo na ngoma zinalia kama zimefunikwa blanketi. Nini kinatupwa? Na nitumie kiwango gani kwa watu wa bando dogo?

Fundi_Masafa
Anza na hesabu, mkuu. WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya ubora wa CD ina sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde, kila moja biti 16, kushoto na kulia: biti 1,411,200 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 240, gawa kwa 8, unapata hizo MB 42. Kwa kilobiti 128 umebakiza sehemu 1 kati ya 11.

MP3 hukata wimbo vipande vya sampuli 1,152, kama milisekunde 26, na kupima masafa (kasi ya mitetemo ya sauti) ya kila kipande. Sauti kubwa huficha ndogo ya masafa ya jirani, kwa hiyo hiyo ndogo hupewa biti chache au haipewi kabisa. Kwa 128, programu nyingi pia hufyeka masafa ya juu, kuanzia kilohezi 16 au 17 hivi. Mvumo wa ilimba hutoka kwenye utando wa buibui unaoziba tundu. Ni mkwaruzo wa masafa ya juu, ndiyo maana huumia mapema. Ngoma nayo: kishindo kikitokea katikati ya kipande, makosa ya ukadiriaji husambaa hadi kabla ya kishindo chenyewe. Mlio unakosa ncha.

Mtaa_wa_Pili
Tumia kasi ya biti inayobadilika kulingana na wimbo, kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -i wimbo.wav -c:a libmp3lame -q:a 2 wimbo.mp3`

Wastani ni kilobiti 190 kwa sekunde, kama MB 5.7. Kabla ya kubana, shusha kilele cha sauti kwa desibeli 1, la sivyo sauti inaweza kupasuka MP3 ikichezwa. Opus, aina nyingine ya faili lililobanwa, ya kilobiti 96 ni MB 2.9 na simu nyingi zinaicheza vizuri, ila sabufa nyingi za flashi haziijui. Na usigeuze MP3 ya 128 kuwa 320: faili linavimba tu, kilichotupwa hakirudi.

Mdau_Nkuhungu
Na nikikaza kompresa ya studio?

Fundi_Masafa
Jina tu linafanana. Hiyo hupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo; WAV itabaki MB 42 zilezile. Nakala ya kutunza iweke FLAC, aina ya faili inayobana bila kutupa hata biti moja.